Hutuma Ujumbe

…na neno walilolichagua ni "mtumiaji", hawakuandika mtunza stoo, hawakuandika mwanamke mwenye aproni na vumbi la sponji kwenye nyusi, wameandika mtumiaji, kama vile wanazungumzia skrubu iliyolegea, "Chanzo: kosa la mtumiaji," kwa herufi nene kwenye skrini kubwa ya ukutani, na chini yake sentensi moja kavu, "Mtumiaji hakutaja jina kamili la mpokeaji," na chini ya sentensi hiyo vyeo vinne, vitatu vimeshapata alama ya kijani, mkuu wa mifumo, mkuu wa utumishi, fundi wa programu, na cha nne, mwandishi wa maelezo, bado ni cha kijivu, na hicho ndicho cheo cha binti huyu, kompyuta iko mbele yake, vitufe viwili vimekaa kando kwa kando, Naafiki na Siafiki, na hicho cha pili wamekipaka rangi hafifu mpaka ukodoe macho ndipo ukione, nani alifanya hivyo, nani alikaa kwenye kiti chake akanywa chai yake akaamua kwamba kukataa kuwe na rangi hafifu… "Tunakusubiri wewe tu, Bi Nukta," alisema mkuu wa mifumo, na fundi wa programu akachekea puani, maana jina hilo yeye ndiye aliyelitunga, wiki ya kwanza tu, alipomwona binti mgeni anarudisha waraka mzima kwa sababu ya nukta moja, basi likamganda, na mkuu naye ana lake ambalo hakuna anayemwambia usoni, Bwana Kifupi, kwa kuwa hafungui mdomo bila kusema "kwa kifupi", na baada ya hapo yanafuata maneno ya robo saa, leo ameshalisema mara saba, Bi Nukta anahesabu, kila mara anakunja kidole chini ya meza… chini ya sakafu msumeno wa kukatia sponji ulianza tena, meza ikatetemeka, maji kwenye chupa za plastiki yakajikunja, feni juu ikakwaruza bati lake, kiwanda kizima cha magodoro kinaendelea na kazi yake kama kawaida, watu mia nne na kumi na wawili, na wote, wote wamesoma.

Mtunza stoo mwenyewe alikuwa pembeni ya mlango, kwenye kiti cha plastiki, hawakumpa cha mezani ingawa viwili vilikuwa vitupu, ameweka mikono mapajani kiganja juu ya kiganja kama mtoto aliyeambiwa atulie, mwanamke wa miaka thelathini na sita hivi, mwenye sauti ya kumsimamisha dereva wa lori pale getini, na leo sauti hiyo imekwenda wapi… "Mdogo wangu, bonyeza tu yaishe," akamwambia, kwa upole, kama vile ndiye anayemsaidia, "vijana wa kushona wananisubiri niwatolee nyuzi," nyuzi, Mungu wangu, anafikiria nyuzi, wakati mkuu wa utumishi amefungua kitabu cha kanuni mbele yake na kukibana kwa kiwiko, yule mama ambaye kiwanda kizima kinamwita mama wa utumishi na yeye hujibu, hajawahi kumwambia mtu nitaje kwa jina langu kamili, hajawahi hata siku moja, anasoma kwa sauti ya kusinzia, "…kanuni ya kumi na saba, kusambaza taarifa binafsi kwenye kundi la wote, onyo la maandishi, na kwa kuwa mwenzetu tayari ana onyo moja la mwaka jana…" onyo la mwaka jana ni la kumnyima msimamizi mapipa ya gundi kwa sababu hakuleta saini, alinyima kihalali, kila mtu anajua kwamba alinyima kihalali, lakini barua iko kwenye faili, na barua ya pili ni ya kuondoka, hivyo ndivyo ilivyo hapa, ya kwanza unapewa, ya pili unafunga mlango nyuma yako, miaka kumi na moja ya kutunza stoo, na kinachomtoa ni kitufe, ni kidole, ni kidole chake yeye, chenye wino wa kalamu pembeni ya ukucha, hiki hapa.

Siku tisa zilizopita, Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, yeye, mwandishi wa maelezo, alikuwa kwenye meza yake dirishani anakula karanga wakati simu za watu zilipolia zote kwa mpigo, mlio ule wa kundi la matangazo, ambao kwa kawaida ni habari ya maji kukatika au ya gari la wafanyakazi kuchelewa, akaitazama yake bila haraka, akasoma, karanga ikamkwama kooni… "Mama wa utumishi, naomba siku tano. Mimba imetoka tena, hii ni ya tatu. Nyumbani sijamwambia mtu kama nilikuwa nayo. Tafadhali iwe siri," na juu yake maneno "Kwa niaba ya mtunza stoo" na alama ya yule msaidizi wa kompyuta, kwa maana ndiye aliyetuma, kwa adabu zake zote, amepanga vizuri, ameweka nukta mahali pake, iwe siri, kwa watu mia nne na kumi na wawili, na kabla hajameza mate vikaanza kuchomoza vile vialama vya mikono iliyoshikana, pole, pole dada, Mungu atajalia, na mtu mmoja, hata leo angependa kumjua, akaweka dole gumba juu, dole gumba! na dereva fulani akauliza palepale, "Sasa kesho nani atatoa nyuzi?" na kule ukumbi wa kushona kuna wifi wa mtunza stoo, dada wa mumewe kabisa, mashine ya nane kutoka mlangoni, ambaye wanasema alisimama akausoma kwa sauti, akausoma mpaka mwisho, ndipo akavua miwani akasema, "Kumbe," neno hilo moja tu, na jioni ukoo mzima wa mume ulikuwa sebuleni… dakika kumi na tisa ujumbe ulikaa pale, dakika kumi na tisa, mpaka fundi alipopatikana akaufuta, na wakati huo kilichobaki kufutwa ni kipi, utafuta vichwa vya watu…

"Mtambo ulifanya ulichoambiwa," alikuwa anasema fundi, akizungusha kalamu, "uliambiwa tafuta, ukatafuta, uliambiwa tuma, ukatuma, sasa mnataka niulaumu kwa utiifu?" na mkuu wa utumishi akaguna, na Bwana Kifupi akasema, "Kwa kifupi," kidole cha nane, "kwa kifupi, mtambo hauna kosa," na hapo hasira ikampanda Bi Nukta kutoka tumboni kama maziwa yanavyopanda sufuriani, kwa sababu ni kweli, hicho ndicho kinachomuudhi, ni kweli, mtambo hauna kosa, madereva wanamwita Shemeji kwa sababu hakatai kutumwa, Shemeji nikumbushe, Shemeji mwambie fulani, Shemeji nitafutie ratiba, unamwandikia kwenye ile programu ya mazungumzo ya kazini naye anakimbia, ni akili mnemba, hana macho wala hana siku aliyopanda ngazi za kiwanda hiki, hajui kwamba mama wa utumishi ni mtu, mwenye miguu, chumba cha pili kulia, anachokijua ni zana zake kumi na moja, zana ya kutafuta, zana ya kusoma, zana ya kuweka kikumbusho, zana ya kutuma, na kila zana ina maelezo yake, na maelezo hayo ndiyo macho yake, anayasoma kila akitumwa, kila mara, kama mtu asiye na jana, na kuyaandika hayo ni kazi, ni kazi ya mtu mmoja mwenye shahada na kiti cha kuyumba, ambayo shangazi yake mpaka leo anawaeleza majirani kwamba "mwanetu anaandikia kompyuta barua", na majirani wanauliza, "Nazo zinajibu?" na shangazi anasema, "Zikikosewa ndiyo zinajibu," akicheka, na wewe shangazi ulikuwa umejua…

Aliandika sentensi sita, anazikumbuka kama mtu anavyokumbuka namba ya nyumba aliyozaliwa, mwezi wa pili, mvua inapiga dirisha, aliziandika kama unavyomwandikia mgeni mwerevu aliyeingia kazini asubuhi hiyohiyo, "Hutuma ujumbe kwa mtu mmoja au kwa kundi," moja, "Kabla ya kutuma, hakikisha kama kitambulisho ulicho nacho ni cha mtu, kinachoanza na moja, au cha kundi, kinachoanza na tisa," mbili, "Kundi la matangazo husomwa na wafanyakazi wote, usitume humo mpaka aliyekutuma alitaje kundi hilo lenyewe," tatu, "Ujumbe unaotaja ugonjwa, familia, mshahara au msiba apelekewe mtu mmoja tu," nne, "Ukitafuta ukapata majibu zaidi ya moja, usichague, muulize aliyekutuma," tano, na ya sita, aliyoiandika mwisho baada ya kwenda dirishani na kurudi, "Ujumbe ukishasomwa haurudi," basi, sita, wala hazikuwa maua, kila moja ilikuwa na mtu nyuma yake, aliwaona wakati anaziandika, mtu mwenye ugonjwa, mtu mwenye msiba… na Jumanne ile Shemeji aliambiwa amfikishie mama wa utumishi, akatafuta "utumishi", akapata majibu mawili, la kwanza kundi, Utumishi Matangazo, la pili mama mwenyewe, akachukua la juu, kwa sababu kwenye maelezo ya zana ya kutuma hakukuta sentensi ya tano, wala ya nne, wala ya tatu, alikuta maneno mawili, "Hutuma ujumbe," nukta, maneno mawili kama mlango usio na kitasa…

"Maelezo ya zana tumeyaangalia?" akajisikia anauliza, sauti imetoka nyembamba kuliko alivyoikusudia, na wote watatu wakamtazama, na Bwana Kifupi akatabasamu lile tabasamu lake la kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, "Maelezo yako sawa kabisa, si uliyaandika mwenyewe? Au leo msomi wetu hajiamini?" na fundi akadakia, "Bi Nukta akikosea, jua limechomoza magharibi," wakacheka, mkuu wa utumishi naye akacheka kidogo, kwa heshima, kama anayeonja chumvi, na mtunza stoo hakucheka, alikuwa anaangalia ncha za viatu vyake… cheka, cheka tu, mzee, siku tisa nimekuandalia, ndivyo alivyowaza, siku tisa anaipanga hotuba bafuni, kwenye foleni, kitandani macho yakitazama dari, wewe ndiye uliyenifanya nikate, wewe, ulikuja mezani kwangu na kikombe chako chenye ufa ukasema mkurugenzi amelalamika msaidizi anachukua sekunde tisa kujibu, maelezo ni marefu mno, anasoma kama anajiandaa na mtihani, kata, wewe ndiye uliyesema kata, kwa sekunde, umemtoa mwanamke uchi mbele ya watu kwa ajili ya sekunde, hotuba ilikuwa nzuri, ilikuwa na kilele, mwisho wake anasimama na kiti kinaanguka nyuma yake, kila akiirudia kiti kinaanguka vizuri zaidi…

Mambo haya si mageni kwake, aliyaona akiwa na miaka kumi, kwenye kitanda cha bibi yake, chupa ndogo ya dawa yenye kikaratasi, "Matone mawili, mara tatu kwa siku," matone mawili wapi, kikaratasi hakikusema, bibi alikuwa na sikio linalouma na jicho linalowasha, mambo mawili, siku moja, chupa moja, akatia jichoni kwa sababu jicho ndilo lililomsumbua zaidi usiku, na kesho yake jicho lilikuwa kama nyanya iliyokanyagwa, na yule mtoa dawa, yule bwana mwenye koti jeupe lililokosa kifungo cha tatu, alipoulizwa alisema, "Kila mtu anajua dawa hii ni ya sikio, bibi angeuliza," bibi angeuliza, na watu wazima wote wakatikisa kichwa, ni kweli, angeuliza, na bibi mwenyewe akiwa na bandeji akasema, "Kosa langu, mwanangu, sikuuliza," na yeye, mtoto wa miaka kumi, alijua kwa mwili wake wote kwamba hilo ni uongo na hakuwa na maneno ya kusema kwa nini, miaka kumi na tano baadaye maneno anayo, anayo mengi kupita kiasi, mwalimu wake wa chuo aliwahi kumwambia hivyo, "Binti, wewe unaandika kama mtu anayeogopa kushtakiwa," na kweli aliogopa, anaogopa, kila sentensi anaikagua mfukoni, nani ataumia nayo…

"Kwa kifupi," Bwana Kifupi alikuwa anaendelea, kidole cha tisa, "huu mfumo ni wetu sote, tukianza kusema maelezo, kesho tutasema skrini, keshokutwa umeme, hatumalizi. Wewe afiki, sisi tutatoa semina ya watumiaji, wafundishwe kutaja majina kamili," na mkuu wa utumishi akaandika pembeni, semina, akapigia mstari, na mtunza stoo akainua kichwa kidogo, "Nami kweli sikuandika vizuri," akasema, si kwa mtu, kwa kitasa cha mlango, "nilikuwa msalani kule chini, nimekaa, nilishika simu kwa mkono mmoja tu, huu mwingine nimeshika ukuta. Jina kamili la mama sikulikumbuka, nililikumbuka hilo tunalomwita," akajifuta kitu shavuni, labda vumbi, "nisameheni, ningeandika vizuri," na mkuu wa utumishi akakohoa, akafunga kitabu cha kanuni, akakifungua tena palepale… anaomba msamaha, huyu, anaomba sisi tumsamehe, na mimi nimekaa, ndiyo, mimi, yeye mkono mmoja ukutani, mimi nilikuwa nakula karanga… simama sasa, iseme ile hotuba, wewe ndiye uliyesema kata… akafungua mdomo, na neno la kwanza la hotuba likamkatalia, likakaa kwenye ulimi kama kidonge kisichoyeyuka, kwa sababu sharti iwe sahihi, yeye hawezi kusema kitu kisichokuwa sahihi, huo ndio ugonjwa wake, na yule bwana hakusema kata, haya, sema ukweli hapa ambapo hakuna anayekusikia, Bwana Kifupi alisema nini hasa siku ile…

Alisema, "Punguza. Hata nusu inatosha." Nusu. Kikombe chenye ufa mkononi, harufu ya kahawa, na alikuwa na haki nusu yake, kwa sababu zana ya ratiba ilikuwa na mistari arobaini, arobaini, yeye mwenyewe aliona haya alipoitazama, alikuwa ameeleza mpaka wiki ina siku ngapi, na hiyo aliipunguza vizuri, na ya vikumbusho aliipunguza vizuri, lakini alipofika kwenye ya kutuma, sita zake, alizozipenda, ndipo kifua kikajaa, hata hakuzisoma huyu bwana, hakuzisoma, angezisoma asingesema, basi unataka fupi, haya, chukua fupi, akaburuta kipanya kuanzia sentensi ya pili mpaka ya sita zikawa za bluu zote, akapiga kitufe, ya kwanza nayo akaikata mkia, yakabaki maneno mawili, akakunja mikono akasubiri, aone haya, aulize jamani mbona hivi, nusu ya sita ni tatu, alijua kuhesabu, alizijua hata zenyewe ni zipi, ya tatu, ya nne, ya tano, zingeingia kwenye mistari mitatu, Shemeji angezisoma chini ya kufumba na kufumbua, alijua, na akafuta zote ili kumkomoa mtu mmoja mwenye kikombe, na mtu huyo akaja akainama kwenye skrini, akasema, "Safi! Sasa unaanza kuelewa," akampigapiga begani, akaenda zake… na yeye akasema moyoni Jumatatu nitazirudisha, hasira zikiisha, akaandika hata kwenye kikaratasi cha njano, "rudisha sita", akakibandika pembeni mwa skrini, na Jumatatu hiyo ikaja barua ya ajira ya kudumu, ndani yake imeandikwa kwamba ameonyesha kupokea maelekezo kwa moyo mkunjufu, moyo mkunjufu, shangazi alipiga vigelegele mpaka jirani akaja na kijiko mkononi kuuliza kuna nini, na kikaratasi kile siku moja kikadondoka, gundi imekauka, akakiokota sakafuni, akakisoma, akakitia kwenye pipa, alikisoma, hilo ndilo, si kwamba alisahau, alikisoma ndipo akakitupa, kwa sababu wiki saba zilikuwa zimepita na hakuna kilichotokea, na kurudisha kungemlazimu aeleze kwa nini alifuta.

Basi kumbe hasira hii ya siku tisa, aliyokuwa anailisha na kuilaza kitandani kama mgonjwa, ilikuwa inalinda nini… akatazama ile kona ya chini ya kompyuta, alama ndogo ya saa, historia ya mabadiliko, ukiibonyeza inakuonyesha nani alifuta nini na lini, hakuna aliyeibonyeza, Bwana Kifupi hata hajui kama ipo, fundi anajua na ni mvivu, humo ndani kuna mstari mmoja, jina lake, saa nane na dakika kumi mchana, maneno sitini na manne yameondolewa, hakuna maneno ya mtu mwingine, hakuna "nimeambiwa", maagizo yalikuwa ya mdomo na hata hayo ya mdomo hayakuwa hivyo… akibonyeza Naafiki hakuna atakayeufungua mstari huo maisha, utakaa humo kama jino lililooza ndani ya mdomo uliofungwa, kesho atazirudisha sentensi kimyakimya, atasema maboresho, watampongeza, watamvisha kilemba cha ukoka, na stoo itapata mtu mwingine, kijana fulani mwepesi wa kutoa gundi bila saini, na huyu hapa mlangoni atarudi kwenye ile sebule yenye wifi, bila kazi ya kukimbilia asubuhi, kwa sababu hicho ndicho anachoogopa, ndiyo, ndiyo maana anataka nyuzi, si nyuzi, ni mahali pa kwenda… na akibonyeza Siafiki? Siafiki peke yake ni nini, ni neno la kupendeza, utalisema halafu utamnyooshea kidole Bwana Kifupi, na yeye atasema nilisema nusu, na atakuwa anasema kweli kwa mara ya kwanza mwaka huu, itakuwa aibu iliyoje, Bwana Kifupi awe mkweli kuliko wewe… na bado ana hasira naye, usidhani, ana hasira naye kwa hilo neno mtumiaji, kwa kile kiti cha plastiki, kwa kusifu kitu ambacho hakukisoma, hasira hiyo ni yake halali na ataitumia, lakini haiwezi kutangulia, ikitangulia ni uongo, kuna nyingine mbele yake, ya kujikasirikia mwenyewe, na hiyo inawaka bila moshi wowote, ameitazama usoni, ana miaka ishirini na mitano na alimkomoa mtu kwa kutumia mwanamke ambaye hakuwahi hata kumsalimia vizuri, alikuwa anampita pale dirishani mwa stoo kila asubuhi, "Habari," bila kusimama, bila kungoja nzuri.

"Vipi, binti, una shida na kompyuta?" aliuliza mkuu wa utumishi, na ilikuwa imepita dakika moja, labda mbili, alama ya kijivu bado ya kijivu, kidole bado kipo palepale, jasho lake limeacha ukungu kwenye kipanya, fundi anatazama simu yake chini ya meza, msumeno kule chini umekata kipande chake ukanyamaza, na katika ukimya huo alianza kuipanga, si hotuba, hakuna kiti kitakachoanguka, sentensi ya kwanza itataja aliyefanya, ya pili siku na saa, ya tatu kilichofutwa, zote sita kwa mpangilio wake, zisomwe hapa kwa sauti, ya nne itasema kwamba kama ya tano ingekuwepo Shemeji angeuliza, "Mama wa utumishi ni yupi kati ya hawa wawili?" na dada huyu angejibu kwa kidole kimoja kutoka pale alipokuwa amekaa, ingemchukua pumzi moja, halafu fundi afungue historia mbele ya wote, halafu barua hiyo ya pili, kama lazima iandikwe leo, iandikwe jina la mtu anayestahili, halafu mkuu naye aulizwe alisifu nini… "Kwa kifupi," alianza Bwana Kifupi, na yeye hakukunja kidole cha kumi, hakuhitaji tena kuhesabu, maneno yalikuwa yamenyooka, na akaona kwamba yana mtu wake wa kuambiwa kwanza kabla ya wengine wote, na mtu huyo hayuko mezani, akauacha mkono wake pale ulipo, akageuza kiti polepole mpaka magoti yake yakatazamana na kiti cha plastiki, na mwanamke yule akainua macho kutoka kwenye viatu vyake, mekundu, yaliyochoka, yanayongoja kuambiwa amekosea nini tena…